Wimbo wa Baba Unaochelewa

Harusi ilikuwa kesho, na fundi saa hakutulia hata dakika moja. Alifungua saa ya mteja, akaifunga bila kuigusa, akasimama, akaketi, akalirudia gitaa la marehemu baba yake. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa nyuzi. Wiki sita alikuwa akijifunza wimbo mmoja tu, ule wa zamani ambao kila redio iliupiga enzi zile na baba akaupiga kila Jumapili sebuleni. Mdogo wake wa kike, bibi harusi, alitaka kuingia ukumbini nao. Baba hayupo, basi angalau wimbo wake uwepo.

Alasiri bibi harusi mwenyewe akaja dukani, akavuta stuli.

"Haya kaka, nipigie."

Akapiga. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipomaliza akatabasamu hadi gego la mwisho, lakini dada alikuwa akitazama sakafu.

"Huo si wa baba."

"Si wa baba vipi? Ndio huohuo!"

"Unaukimbiza. Niingie ukumbini mbio, kwani nimeiba? Basi, acha tu. Nitamwambia dijei aweke wowote."

Hapo ndipo fundi alipokumbuka. Baba alijifunza wimbo ule kwa redio kaseti mbovu iliyouvuta mkanda polepole, naye akaupiga hivyohivyo maisha yake yote. Lakini fundi huyu, chombo kinachochelewa humwasha mwili mzima. Siku ya kwanza tu aliupima mkanda ule kwenye kaseti ileile kwa saa yake ya mkononi, akaukuta umechelewa kuliko wimbo unavyopigwa redioni, akaongeza mwendo bila kumuuliza mtu. Wiki sita nzima alikuwa akimrekebisha baba yake.

"Usiondoke," alisema.

Akaanza upya, taratibu. Wapi! Saa kumi na nne ukutani zilikuwa zikigonga, na mkono ukazifuata wenyewe. Akasonya, akapanda kiti, akazichomoa betri moja baada ya nyingine. Duka likawa kimya kabisa, kimya kilichomkera kuliko kelele.

Akapiga. Mkono ulitaka kukimbia, akauzuia, jasho likimtoka. Dada akainuka, akaenda mlangoni, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kaunta, hatua kwa hatua, bila mtu wa kumshika mkono.

Alifika, wimbo bado haujaisha. Fundi akataka kuharakisha.

"Usikimbie," dada alisema, machozi yakimtiririka. "Baba tulikuwa tunamsubiri hivihivi kila Jumapili."