Marehemu Kwenye Kiti cha Meno

Sura za watu zilimponyoka daktari, ila meno hayakumponyoka kamwe. Mumewe alimtania kwamba siku akivaa kofia hatamjua mpaka apige miayo.

Basi ghala la magodoro liliungua, akakutwa mtu ndani, ameungua asitambulike. Polisi wakazungusha picha ya eksirei ya taya lake kwa madaktari wa meno wote mjini. Daktari aliitazama mara moja tu, akaitambua. Gego la mwisho, chini kushoto, lilikuwa limelala ubavu. La jirani yake lilikuwa limezibwa, na aliyeliziba ni yeye.

Alitafuta picha ya zamani, akaziweka zote mbili kwenye kioo chenye taa. Mizizi ile ile, pengo lile lile. Akawasomea polisi jina lililoandikwa pembeni, nao jioni wakaenda kubisha kwa mama wa marehemu.

Asubuhi yake fundi bomba mmoja, suruali imelowa magotini, aliingia kliniki bila hodi.

"Daktari, habari za asubuhi. Mimi ndiye marehemu."

Nesi akaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"Usinitazame hivyo, dada, nipo! Polisi wamenikuta nakula. Mama kazimia, alipozinduka akanipapasa masikio, pua, vidole, kama anayenunua mbuzi. Tangu jana anaimba tu. Nimekuja mnifutie hicho kifo."

"Kaa hapo. Fungua mdomo."

Meno yalijipanga kama mahindi kwenye gunzi, hakuna lililowahi kuguswa na chuma. 

"Umewahi kutibiwa hapa?"

"Mimi? Naogopa sindano kuliko chatu."

"Sasa nani alitibiwa kwa jina lako?"

Fundi alijiinua kitini, akakaa wima. 

"Kadi ya bima," alisema. "Nilimpa mdogo wangu kadi yangu. Jino lilikuwa linamliza kama mtoto. Nikamwambia nenda, jiite mimi."

"Yuko wapi sasa?"

"Alisema kapata kibarua cha ulinzi. Hakusema wapi. Huwa anapotea wiki nzima, anarudi anacheka, ndiyo maana tunamwita Kicheko."

Hapo daktari akamkumbuka: kijana aliyeinuka kwenye kiti hicho hicho, nusu ya mdomo imekufa ganzi, akasema, "Daktari, leo nimecheka nusu, nusu nyingine nakudai." Sauti ilimjia wazi kana kwamba mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Akageuka kutazama. Hapakuwa na mtu.

"Nionyeshe hiyo picha," fundi alisema.

Daktari akawasha taa ya kioo. Fundi akaikaribia picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Anacheka?"

Daktari alitaka kumwambia kwamba taya likikosa midomo huonekana linacheka siku zote. 

"Mama anaimba, daktari. Naingiaje mle ndani kumnyamazisha?"

Daktari alivua koti lake jeupe, wakaondoka pamoja.

Waliusikia wimbo wakiwa bado uchochoroni. Mama alikuwa anafua, povu mpaka viwikoni. Alimtazama mwanawe, akamtazama mwanamke mgeni, akarudi tena kwa mwanawe, na uso ukamshuka.

"Msiniambie," alisema. "Niacheni nimalizie wimbo."

Akaumaliza, beti zote, mikono ndani ya beseni, nao wamesimama. Kisha akauliza, "Ni Kicheko?"

"Ndiye, mama."

Walimzika kwa jina lake mwenyewe. Lakini tangu siku ile mama akawa anamwita fundi Kicheko, naye huitika. Majirani walipomwambia amsahihishe, alijibu, "Aliazima langu, acheni na mimi niazime lake."

Daktari aliendelea na kazi, ila kila mgonjwa akicheka kitini, yeye huona mifupa kwanza, midomo baadaye.

Siku moja fundi akaja tena, hana jino linalouma.

"Nipige picha," alisema. "Kwa jina langu. Isije siku yakanikuta ya mdogo wangu, mama akakosa pa kunitafuta."

Daktari alimpiga picha, akaiweka kando ya ile ya mdogo mtu kwenye kioo chenye taa. Fundi akazitazama zote mbili.

"Kumbe hatufanani hata kidogo," alisema, akaomba taa izimwe.