Rehani ya Redio

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Katika jengo la wakimbizi wote walimwita Redio, naye aliitika kwa raha zake: habari iliyomwingia sikioni asubuhi, saa sita ilikuwa imeshazunguka masufuria yote ya jiko la pamoja. Alipopata kazi ya ukalimani kwenye kituo cha afya, wapo waliocheka hadi wakashika mbavu.

Leo kicheko kile kilikuwa kimemrudia. Mwanamke mgeni, mwezi mmoja tu tangu aingie jengoni, alikuwa ameketi mbele yake kwa mara ya tatu akilalamikia kichwa. Kichwa gani hiki, Redio alijiuliza, kinachomfanya mtu akalie ncha ya kiti, juu ya kitambaa alichokikunja mara nne, na marashi ya kupaliza watu? Muuguzi naye aliliona hilo. Akauliza taratibu kama kuna jingine. Mwanamke akamtazama Redio, si muuguzi, akasema hakuna.

Muuguzi akaeleza kwamba yanayosemwa humu hayavuki mlango. Redio akatafsiri, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno yale yalisikika kama ahadi ya mlevi. Basi, akasema muuguzi, atampa vidonge vya kichwa. Akaanza kufunga faili.

Redio akajua kuwa huyu akitoka hivi, harudi tena. Akasogeza kiti.

"Mdogo wangu," alisema kwa lugha yao, ambayo muuguzi hakuijua, "unaogopa mdomo wangu, na una haki. Basi na wewe shika siri yangu. Mimi sijui kusoma. Hizi karatasi nazikodolea macho tu. Wakijua hapa, kazi sina."

Muuguzi akainua uso. Kanuni ilikuwa kila neno litafsiriwe. "Umemwambia nini?"

"Jambo langu mimi," alisema Redio. "La mgonjwa halimo."

Muuguzi akamtazama kidogo, kisha akalifungua faili upya.

Mwanamke akaongea, macho sakafuni, bila kupumua. Alijifungua safarini, siku mbili za uchungu bila mkunga, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe. Analala chini, mumewe anadhani mkewe amemchoka. Redio akatafsiri neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza maishani, habari nzito namna ile ilimpita mdomoni bila utamu wowote.

"Mwambie ni jeraha la uzazi, linashonwa," alisema muuguzi. "Wengi wanapona. Na mwambie si kosa lake."

Akachomoa karatasi ya maelezo ya upasuaji, iliyochapishwa kwa lugha yao, akampa Redio amsomee mgonjwa. Redio akaishika. Herufi zikamtazama, naye akazitazama.

Mkono ukaja ukaichukua.

"Mwambie dada muuguzi nitasoma mwenyewe," alisema mwanamke. "Kwa sauti. Nikikosea, utanisahihisha."

Akasoma mpaka mwisho, Redio akiitikia kwa kichwa kila mstari kama mwalimu mkuu.

Jioni jiko lilijaa. Wakamwuliza Redio yule mgeni ana nini, mbona alikawia vile kwa muuguzi. Mgeni mwenyewe alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo. Kikombe kikatulia mikononi mwake.

"Kichwa," alisema Redio, akikoroga sufuria.

Wakangoja. Mmoja akauliza kama redio imeisha betri.

"Imeisha," alisema. "Nani ana chumvi?"

Kule kwenye sinki, maji yakaanza tena kutiririka.