Beki wa Kuazima

Mjini kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto ndio walioanza kumwita Filimbi, wakubwa wakafuata, na mwishowe hata wateja wa kiwanda cha mikate alikofanya kazi wakawa wanauliza kama Filimbi yuko zamu. Siku za kazi alisimama mbele ya tanuri, glavu nene mikononi, akivuta trei za mikate. Jumamosi alivaa kaptula nyeusi akachezesha ligi ya vijana, wavulana na wasichana pamoja. Alikuwa mwamuzi mkali. Ukimjibu, kadi, ukimkunjia uso, kadi. Vijana walisema mvua ikinyesha katikati ya mechi bila kumwomba ruhusa, Filimbi ataionyesha nyekundu.

Kwa hiyo wifi yake alipoleta kanuni mpya za ligi, Filimbi alicheka hadi akajishika mbavu. Wifi huyo, mke wa kaka yake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye katibu wa ligi. Alikuwa amekwenda kwenye mafunzo ya jinsi ya kutumia mpira kuwafunza vijana waachane na ubaguzi wa rangi, akarudi na moto wa kuunguza msitu. Kuanzia sasa, alisema, mechi itakuwa na vipindi vitatu. Cha tatu hakichezwi kwa miguu: timu zote mbili zitakaa chini kwa duara, zimechanganyika, ziseme lililokwenda sawa na lililokwenda kombo, kisha zipeane alama za heshima zitakazojumlishwa na za ushindi. Kadi nyekundu itabaki kwa anayecheza rafu ya kuumiza tu.

"Huo ni mpira, wifi, au kikao cha wazazi?" Filimbi aliuliza.

"Niambie wewe. Kadi zako zote hizo zimemfundisha nani?"

Filimbi alisema angemjibu kesho yake. Kesho hiyo haikufika.

Wote wawili walijua kanuni zimeletwa kwa ajili gani. Ng'ambo ya reli walikaa watu wa machimbo ya mawe. Babu zao waliletwa kutoka mbali kuja kupasua mawe, wakazaa, wakapata wajukuu, na bado mjini waliitwa "waliokuja". Wao walikuwa weusi tii, na watu wa mjini walikuwa maji ya kunde. Mgeni huenda asingeiona tofauti hiyo, lakini mtoto wa mjini aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Timu ya machimbo ilipoingia ligi, maneno yaliingia nayo.

Siku timu ya mjini ilipoikaribisha timu ya machimbo, uwanja ulijaa mapema. Winga wa kulia wa machimbo alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Sindano kwa jinsi alivyopenya. Wa kumkaba alikuwa beki wa kushoto wa mjini, mvulana aliyeitwa Gundi, kwa kuwa akikushika hubanduki. Gundi alikuwa mtoto wa Mwalimu, yule wifi katibu, na wa kaka yake Filimbi; yaani mwamuzi wa siku hiyo alikuwa shangazi yake.

Siku hiyo gundi haikushika. Sindano alimpiga tobo katikati ya miguu, baadaye akampiga kanzu, mpira ukamruka kichwa, na mara ya tatu akamwacha ameketi kwenye nyasi kama anayesubiri kuletewa chai, akaenda kufunga. Alipokuwa akirudi katikati ya uwanja akampita karibu, Gundi akafanya mlio wa nyani. Hakuutoa kwa nguvu, lakini wenzake kadhaa waliusikia, wakacheka, na mmoja wao akauitikia.

Mkono wa Filimbi ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaishia humo. Mwenye kosa alikuwa damu yake, na kanuni zilikuwa za mama yake mtoto. Akapuliza, akasimamisha mchezo, akawaambia hilo litazungumzwa mwisho. Muda uliobaki ulichezwa kama watu wanaohama nyumba: mpira ulibebwa huku, ukapelekwa kule, hakuna aliyeufurahia.

Kipindi cha tatu walikaa nyuma ya goli. Mwalimu alikuwa amekwisha kuambiwa, akawaomba wakae kwa kuchanganyika. Akasema anayetaka kuanza aanze. Gundi akatangulia, akaitema samahani yake kama mbegu ya chungwa.

"Samahani ninazo nyingi," Sindano alisema. "Nieleze kwanza. Umeutoa wapi mlio huo?"

Gundi alichunguza soksi zake kwa muda. Kila mtu alingoja. Hiyo nayo ilikuwa kanuni, kungoja.

"Nyumbani," alisema hatimaye. "Baba huufanya akiwaiga wateja wake wa kwenu. Tunacheka wote. Sikudhani ni tusi. Nilidhani ni kichekesho."

"Hapa wamecheka wa kwenu peke yao. Kichekesho cha upande mmoja ni kichekesho gani?"

Gundi akarudi kwenye soksi zake. Lakini lile neno "wote" lilimwendea mama yake kama maji ya moto. Mumewe, fundi magari, alikuwa mcheshi ambaye hata wadeni wake walimpenda. Jumapili baada ya chakula alisukuma sahani kando, akawaigiza waliofika gereji wiki hiyo, jinsi wanavyotembea, jinsi wanavyobishana juu ya breki. Wa machimbo aliwamalizia kwa mlio ule. Mwalimu alikuwa akisema "acha, bwana", huku meno yakiwa nje. Filimbi naye alikuwa na kiti chake kwenye meza hiyo.

Wakamuuliza Gundi afanyweje. Akasema afungiwe, asicheze hadi mwisho wa msimu. Watoto wa machimbo wakainamisha vichwa pamoja, wakanong'ona, kisha Sindano akakataa.

"Ukifungiwa utakaa nyumbani na baba yako muendelee na mazoezi ya nyani," alisema. "Jumamosi ijayo tunacheza ugenini. Njoo ucheze na sisi, uvae jezi yetu. Na baba yako aje atazame." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na pia hatuna beki wa kushoto. Wetu amevunjika mkono."

Kocha wa machimbo, ambaye alikuwa mjomba wake Sindano, alikuna kidevu. Alisema mambo hayo hayakupitia kwake, lakini beki kweli hana.

Nyumbani Fundi aliwaka. Alilalamika kwamba wamemwanika mbele ya watu kama nguo za ndani, na kwamba mtoto amefundishwa kumchongea baba yake. Aliwauliza tangu lini utani umekuwa kosa. Yeye hajawahi kumnyima mtu wa machimbo huduma, na bei yao ni ile ile ya kila mtu. Mkewe hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba aibu haikuwa yake peke yake: yeye, mwalimu, amezunguka kufundisha watoto wa wenzake, na wa kwake akamfundisha kwa kucheka. Filimbi, aliyekuwa ameleta mikate ya jioni, alikaa kimya, jambo ambalo kaka yake hakulizoea, na lilimsumbua kuliko maneno ya mkewe.

Kisha Gundi akatoka chumbani, jezi ya machimbo begani.

"Baba, utakuja?"

Fundi alitazama ile jezi, akamtazama mtoto. Akasema gari la kubebea timu litahitaji dereva hata hivyo.

Jumamosi hiyo wenyeji walikuwa timu ya mji wa jirani, nao maji ya kunde vilevile. Fundi aliwashusha vijana kwenye pikapu yake, akatafuta pa kusimama. Wazazi wa machimbo walikuwa wamejipanga upande mmoja na chupa zao za maji. Aliona haya kwenda kwao. Wale walikuwa wateja wake, na bila shaka habari zilikwisha kuwafikia. Akaenda kusimama upande wa pili, karibu na kibendera cha kona, katikati ya wenyeji asiowajua. Wakampisha bila kumuuliza. Kwa rangi yake walimhesabu mwenzao.

Filimbi alichezesha mechi hiyo, na Mwalimu alikuja kuisimamia kama katibu. Gundi alianza vibaya, hajui nani anampa mpira nani anamwachia, lakini taratibu akazoea. Sindano alimfokea mara mbili kwamba anapanda mno bila kurudi. Machimbo walipopata kona, mchezo ukasogea kwenye pembe ile alikosimama Fundi, na Sindano akaja kuupiga mpira. Hapo mlio ukatoka. Wanaume watatu, watu wazima wenye vitambi, walikuwa wakiufanya kwa zamu, wakigongana mabega.

Sindano aliuacha mpira pale kwenye kona, akarudi uwanjani, akakaa chini. Wenzake wakakaa. Gundi akaja kukaa karibu naye. Filimbi akapuliza, na safari hii mkono wake haukwenda mfukoni kabisa. Aliwaita wachezaji wa timu zote mbili wajadiliane katikati, bila kungoja kipindi cha tatu, naye akabaki pale pembeni kuwatazama wakubwa. Ndiyo maana aliyasikia yaliyofuata.

Fundi alikuwa ameganda. Alisema baadaye kwamba ule mlio aliujua kuliko wanavyoujua wao. Alisikia hata pale walipoukosea. Mmoja wa wale watu alimgonga begani, akamwambia hawa watoto wa siku hizi hawajui utani.

"Yule beki wa kushoto ni mwanangu," Fundi alisema.

Yule bwana alitazama uwanjani, akamwona mvulana wa maji ya kunde katikati ya jezi za machimbo. Akabadilisha uso, akawa mpole.

"Ah, hatumsemi yeye, ndugu yangu. Tunawasema wale."

"Wale ndio timu yake."

Hakupandisha sauti. Wale watu walimngoja aseme zaidi, labda amalizie kwa mzaha, lakini Fundi, ambaye maisha yake yote hakukosa la kumalizia, siku hiyo hakuwa nalo. Alisimama tu akiwatazama.

Katikati ya uwanja vijana waliinuka. Nahodha wa wenyeji, mvulana mrefu mwenye miguu ya korongo, alikuja peke yake mpaka kwenye kibendera cha kona. Mmoja wa wale watatu alikuwa baba yake mdogo.

"Baba mdogo," alisema, na sauti yake, iliyokuwa bado inavunjika, ikapanda ikashuka, "tumekubaliana. Mkiufanya tena, sisi wenyeji ndio tutakaotoka. Wao wabaki na pointi."

Baba mdogo alimuuliza kama anajua anazungumza na nani. Kijana alisema anajua, ndiyo maana amekuja yeye na hakumtuma mwingine. Akageuka akarudi kwa wenzake. Mmoja wa wale watatu alinuna, akaondoka akisema mpira umeharibika. Wawili walibaki. Mchezo ukaendelea, na sauti ile haikusikika tena.

Machimbo walifungwa. Goli la mwisho lilipitia upande wa Gundi, aliyekuwa amepanda mno bila kurudi.

Vijana walipokaa kwa kipindi cha tatu, Fundi alikuja taratibu akamuuliza mkewe kama wakubwa wanaruhusiwa. Mwalimu alisema kanuni hazikusema lolote. Sindano alijisogeza, akampa nafasi baina yake na nahodha wa wenyeji. Fundi alikunja miguu kwa shida, mtu wa gereji asiyezoea kukaa chini ila awe chini ya gari. Wale wawili wenye vitambi walisimama mbali kidogo, mikono nyuma, wakisikiliza bila kutaka kuonekana wanasikiliza.

Zamu yake ilipofika alisema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe mlio ule, na kwamba leo ameusikia akiwa upande wa kuusikia. Alisema hakujua kwamba una uzito ule. Kisha, kwa kuwa Sindano alikuwa bado anamtazama, akajisahihisha.

"Hapana. Nilijua. Nilijua ndiyo maana sikuwahi kuufanya mbele ya mteja."

Filimbi, aliyesimama nyuma, aliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kufikia kukiri hivyo. Sindano hakumwambia Fundi kwamba amemsamehe, wala Fundi hakumwomba. Zamu ikaenda kwa nahodha wa wenyeji, mazungumzo yakaendelea. Walipofika kwenye alama za heshima, timu ya machimbo iliwapa wenyeji zote, bila hata moja kupunguzwa.

Wakati wa kurudi, Filimbi alikaa mbele na kaka yake. Njia nzima Fundi hakumwigiza mtu. Aliendesha polepole kwa ajili ya watoto waliojazana nyuma, dirisha wazi, na maneno yao yakaingia pamoja na vumbi. Walikuwa wakigombana. Sindano alisema goli lile ni la Gundi asilimia mia. Gundi alisema kipa alilala. Kipa alisema amlete huyo shahidi aliyemwona amelala.

"Mazoezi ni Jumatano," Sindano alisema. "Tutakufundisha kurudi."

"Si mlisema mechi moja?"

"Mkono hauungi kwa wiki moja."

Kisha Gundi akagonga kioo cha nyuma, akauliza kama Jumatano baba yake atakuwa na nafasi ya kumvusha reli. Fundi akamtazama dada yake pembeni, kana kwamba anayeulizwa ni yeye.

"Wifi yangu atasema kanuni haziruhusu mtu mmoja timu mbili," Filimbi alisema.

"Basi mkae duara mzijadili," Fundi alijibu, akatoa mkono dirishani akamwonyesha mwanawe kwamba ndiyo, atampeleka.