Jogoo wa Nadhiri ya Mama

Mume wangu Elinami ana ugonjwa mmoja ambao madaktari wa Guangzhou hawakuugusa walipompasua tumbo. Kila tukipatwa na balaa safarini, lazima atafute fundisho. Tulipoachwa na ndege Addis alitukalisha juu ya mabegi akauliza, "Bwana anatufundisha nini hapa?" Siku ile ikawa habari ya wanawali waliokosa mafuta. Tulipokwenda stesheni ya Kusini wakati tiketi zetu zilikuwa za stesheni ya Mashariki, ikawa lango jembamba. Na begi lilipopasuka uwanja wa ndege, dagaa zangu zikazunguka zenyewe kwenye ule mkanda wa mizigo mbele ya abiria wote, akasema tusijiwekee hazina duniani. Dagaa nilizozikaanga mwenyewe. Mimi naitwa Loyce, ni Mhaya wa Muleba, na uvumilivu wangu una mpaka.

Tunaishi Panyu, pembezoni mwa jiji la Guangzhou, China, kwa sababu Elinami anasoma shahada ya uzamivu, mambo ya maji. Mimi kazi yangu ni kuwanunulia wateja wa Kariakoo nguo kule Shisanhang na kuzipakia kwa watu wa kontena. Tuna mtoto mmoja, Imelda, ana miaka minane na anajua Kichina kuliko sisi wote wawili tukiunganishwa. Mwezi wa kwanza kidole tumbo cha Elinami kilipasuka, nusura nibaki mjane ugenini. Mungu akasaidia, akapona. Miezi michache baadaye mama yake akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kutoka Machame mpaka kwetu, na akaja na nadhiri.

Kwao, na kwetu pia, mtu mwenye shukrani haendi kanisani mikono mitupu. Anabeba mayai, au mkungu wa ndizi, au kuku. Anapita mbele na watu wake, anasema anashukuru kwa jambo gani, anaombewa, na ibada ikiisha kile alicholeta kinapigwa mnada na fedha inaingia kwenye sadaka. Ushirika wetu wa Waafrika Mashariki hapa Guangzhou unafanya hivyo hivyo, katika ukumbi wa hoteli moja mtaa wa Xiaobei, hatua chache kutoka jengo la Tianxiu lenye maduka ya Waafrika. Ila sisi tunapiga mnada sabuni na katoni za juisi, maana ndivyo vinavyobebeka.

Mama alitaka jogoo. Alikuwa amemwahidi Mungu jogoo mwekundu, mzima, ambaye angempeleka mbele kwa mikono yake mwenyewe. Sote tulijua ni kwa ajili ya Elinami kupona, hakuna aliyeuliza. Elinami alijaribu kumwelewesha kwamba mjini huku kuku huuzwa wamekwisha kuchinjwa, na kwamba Mungu angepokea hata noti, hata kuku wa barafu wa supamaketi.

"Mungu nilimwahidi jogoo," Mama akasema. "Sikumwahidi nyama."

Jumapili tatu zikapita tukitafuta. Wa kwanza alikuwa mweupe, akakataliwa. Wa pili alikuwa tetea. Mwekundu tulimpata Jumamosi ya mwisho, kwenye soko la kijijini nyuma ya mtaa wetu, na muuzaji akawa tayari ameshampeleka kwenye kisu kwa sababu hapa hakuna anayebeba kuku anayepiga kelele. Mama alimshika yule mwanamke mkono, wakatazamana, jogoo akarudi. Jumatatu Mama alikuwa na ndege ya kurudi. Maana yake ilikuwa ni Jumapili ya kesho yake, au nadhiri ibaki deni la Mungu, na Mama alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mtu hafi vizuri na deni la namna hiyo.

Niseme na hili, maana lilikuwa linaniuma. Mimi na Mama tulikuwa hatujawahi kugombana, lakini tulikuwa hatujawahi kucheka pamoja pia. Yeye alitaka mkwe wa Machame, mpole, anayejibu akiulizwa tu. Akapata mimi. Mwezi mzima nilimpikia, nikamkanda miguu, nikamtembeza, na kila mara alisema "asante, Mama Imelda" kama anavyoshukuriwa mhudumu wa mgahawa. Nilijisemea basi, apate jogoo wake, aende salama.

Jumapili asubuhi tukasimama mlangoni kwa sala ya safari. Mama aliomba kwa ajili ya barabara, dereva, matairi, ndugu wote wa Machame kwa majina, na serikali mbili, ya kwetu na ya China. Jogoo alikuwa ndani ya kikapu, amefungwa miguu, amefunikwa kanga. Tayari tulikuwa tumechelewa. Na hapo ndipo mume wangu, msomi wa uzamivu, ambaye alijua fika kwamba metro, treni ya chini ya ardhi, hairuhusu wanyama, akanyamaza kimya akitumaini Bwana atafungua njia.

Bwana hakufungua. Pale kwenye metro kila mzigo unapitishwa kwenye mashine ya kukagua. Mama akaweka kikapu kwenye mkanda kwa adabu zote, na kwenye kioo kukatokea mifupa ya kuku inageuza shingo. Binti aliyekaa pale akaruka kutoka kitini. Wakaja walinzi watatu, wakafunua kanga, jogoo akawatazama. "Bu xing," wakasema, haiwezekani. Nikaingilia kati. Sasa Kichina changu mimi ni cha sokoni, nilichonacho ni cha kushusha bei tu. Nikasema nilichokuwa nacho: laoban, yaani bosi, punguza kidogo. Laoban, ni ghali sana. Laoban, mimi ni mteja wako wa siku zote. Yule mlinzi mkubwa akamtazama Imelda, Imelda akatazama sakafu.

Tukatoka nje. Dereva wa basi alisema bu xing kabla hatujapanda. Teksi mbili zikapita. Ya tatu ikatuchukua, na ninaamini dereva alidhani kikapuni mna matunda. Tulikwenda vizuri mpaka tukaingia mjini, ndipo jogoo akaamua kuwika, na alipokwisha kuwika akachafua kiti. Yule baba alisimamisha gari Liuhua, kwenye masoko ya jumla karibu na stesheni ya treni, akatushusha wote. Hata nauli aliyoanza kudai aliisamehe, alitaka tu tuondoke machoni pake.

Na Liuhua Jumapili huwa hapapitiki. Watu na mafurushi ya viatu, vitoroli, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe. Kamba ya miguu ilikuwa imelegea. Jogoo akaruka kutoka kikapuni, akapita chini ya kitoroli, akapanda juu ya marobota ya nguo, watu wakatoa simu kupiga picha. Elinami, mwenye mshono tumboni, akataka kukimbia, nikamvuta shati. Nikakimbia mimi, kwa viatu vya kanisani. Mwishowe ni Mama aliyemnasa. Alitandaza kanga yake akamtupia, akamwangukia kwa magoti, pale katikati ya njia. Jogoo akabaki na nusu ya mkia.

Tukakaa kwenye ukingo wa njia. Saa ya ibada ilikuwa imekwisha kupita. Na mume wangu, nisamehe Bwana, akafungua mdomo.

"Bwana anatufundisha nini hapa?"

Imelda akafikiri. "Anatufundisha kuku hapandi metro," akasema.

Elinami alicheka. Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, na kwa vile mume wangu ni mgonjwa na mwanangu ni mtoto, ikamwendea aliyebaki. Nikamgeukia Mama. Nikamwambia kwamba mwanae amepasuliwa juzi na leo amebebeshwa safari ya wendawazimu, kwamba mtoto hajala, kwamba mimi nimekuwa kichekesho cha Liuhua nzima. Nikamuuliza ni Mungu gani huyo anayekataa noti anataka manyoya. Nilisema kwa sauti, mbele za watu. Elinami akaniita jina langu polepole.

Mama alikuwa anafunga upya miguu ya jogoo, kwa utaratibu, kichwa chini. Nikajua nimevuka mpaka. Mkwe hamsemi mama hivyo, si Machame, si Muleba, wala si China. Nilitaka ardhi inimeze, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

Aliyetuokoa ni Ghalib. Huyu ni kijana wa Unguja, anafanya biashara ya nguo, tunakutana Shisanhang karibu kila wiki na ananidhulumu nafasi kwenye kontena bila haya. Alikuwa anapita na kigari cha mzigo alichokodi na dereva wake, akaona kitenge changu, akaona dada Loyce amekaa chini na jogoo. Akashuka, akampa Mama shikamoo, akasikiliza mkasa wote bila kucheka, jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake. Akasema kama ni nadhiri basi hakuna mjadala, nadhiri ni nadhiri, akahamisha marobota yake akatupa nafasi. Tukafika Xiaobei tumekaa juu ya jinzi za wateja wake.

Ibada ilikuwa imekwisha. Wengi walikuwa wameondoka. Chacha, mwenyekiti wetu, muuza spea mwenye sauti ya kutangazia mpira, alikuwa anakunja viti pamoja na watu wachache, na mhudumu wa hoteli amesimama mlangoni akitaka ukumbi wake. Elinami akamweleza Chacha kwa kunong'ona. Chacha akamtazama yule bibi mwenye vumbi magotini, akaangalia jogoo mwenye nusu ya mkia, akakirudisha kiti alichokuwa amekikunja.

"Kaeni," akawaambia watu. "Kuna shukrani."

Wakakaa. Mama akapita mbele, Elinami na Imelda nyuma yake. Mimi nilibaki mlangoni na Ghalib. Ningesimamaje nyuma ya mtu niliyemtukania Mungu wake barabarani? Chacha akamwomba Mama aseme anashukuru kwa jambo gani, nikajiandaa kusikia habari za kidole tumbo.

"Mimi ni mama yake Elinami," akasema. "Kupona kwa mwanangu nilikwisha kushukuru nyumbani, kanisani kwetu, na watu wakala wakashiba. Jogoo huyu si wake. Ni wa mkwe wangu."

Elinami akageuka kunitafuta kwa macho.

"Mwanangu alipomwoa nilimwambia Mungu, binti huyu ana mdomo mkali, mfundishe kunyamaza. Niliomba hivyo miaka yote. Kila jioni. Mwezi wa kwanza mwanangu akaugua huku, mimi niko mlimani, siwezi hata kumshika mkono. Nikapiga simu. Ikapokelewa lakini hakuna aliyezungumza na mimi, nikasikia tu binti huyu anagombana na watu wa hospitali. Wanamwambia asiingie, anaingia. Wanamwambia asubiri, anasema mume wangu hasubiri. Anagombana kwa Kichina, kwa Kiingereza, mwisho akagombana kwa Kihaya. Nikakata simu nikapiga magoti. Nikasema, Baba, lile ombi langu la siku zote, tafadhali usilijibu. Mwache alivyo. Ukimwacha alivyo, nitakuja nikushukuru kwa mikono yangu mwenyewe, mbele yake."

Akamweka jogoo sawa.

"Nilikuja, nikamkuta mpole. Mwezi mzima, mpole, ndiyo Mama, sawa Mama. Nikaogopa. Nikadhani Mungu amelijibu lile la kwanza. Leo kule barabarani akanigombeza mbele za watu. Nikamshukuru Mungu palepale, nilikuwa nafunga kamba tu nisionekane nacheka."

Watu wakaangua kicheko, na Chacha kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Mwezi mzima nilikuwa nimejibana, nimejikunja, nimeimeza kila kauli ili mwanamke huyu anipende, kumbe alivuka bahari kuja kushukuru kwa ajili ya yule niliyekuwa namficha. Machozi yalinitoka bila kuniuliza.

Chacha alinyanyua mkono aanze kuomba. Mama akamzuia. Akasema yeye hawezi kutoa shukrani ya mtu wakati mwenyewe amesimama mlangoni na watu wa mizigo. Ghalib akanisukuma begani. Nikapita katikati ya viti vilivyobaki, kiatu kimoja kimekatika mkanda, nikasimama kando yake.

"Mshike wewe," akaniambia, akinipa jogoo. "Mshike miguu vizuri, Loyce, huyu ni mkorofi."

Nikamshika. Alikuwa na joto na moyo wake ulikuwa unapiga mbio, na wangu hivyo hivyo. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, Chacha akaomba, na sikusikia hata neno moja.