Mkono wa Kulia

Bwana wa kampuni ya majani ya chai aliiweka mezani picha niliyomchorea, akaitazama, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee wa Katuni, ukoo wako wote ni mashoto? Baba mashoto, bibi mashoto, na mama anampa mtoto chai kwa mkono wa kushoto! Nani atanunua? Nirekebishie kufikia Ijumaa, la sivyo nampa mwingine."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi mwenyewe. Kosa nililijua. Mimi ndiye mashoto. Penseli naishika kwa kushoto, kwa hiyo kikombe nilikishika kwa kulia, mbele ya kioo nilichokiegemeza kabatini, na kioo kikageuza kulia kuwa kushoto. Baba, mama, bibi, mtoto: wote ni mimi, nimevalishwa nguo tofauti.

Zamani sikuhitaji kioo. Nilipokuwa nachora hadithi za picha gazetini, mke wangu alikuwa jambazi, shujaa, polisi, na mara moja faru. Siku ya faru alishikilia karoti puani, tukacheka hadi mboga ikaungua. Gazeti likafa, nikahamia kwenye maboksi ya sabuni na mabango ya dawa ya meno, naye akaendelea kunishikia miswaki kwa moyo mkunjufu. Kisha naye akafa. Tangu hapo kila anayetabasamu kwenye maboksi ya mji huu ana kidevu changu, na hakuna aliyegundua. Hata hilo liliniuma.

Sasa nilihitaji mkono wa mtu mwingine. Nilikaa kitandani nikiwaza nimwombe nani. Binti yangu yuko ng'ambo. Wenzangu wa gazetini, wengine wametangulia, wengine tumepoteana. Niliwaza mpaka nikaona haya. Mtu mzima na mvi zangu, sikuwa na wa kumwambia nishikie kikombe.

Chumba cha chini anakaa fundi cherehani, mjane kama mimi. Miaka yote tumesalimiana ngazini tu, habari za asubuhi, nzuri, basi. Nikagonga mlango wake, kikombe mkononi.

"Sukari sina," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Sitaki sukari. Nataka unishikie hiki kikombe, nikuchore mkono."

Alinitazama juu hadi chini. "Si uupige picha na simu?"

"Mkono wa kwenye simu hauna uzito."

"Haya makubwa," alisema, akapanda nami, futi ikining'inia shingoni mwake.

Alikaa kitini, nikamjazia kikombe chai, akamnyooshea mtoto asiyekuwepo. Nikachora. Kidole gumba chake kilikuwa kimepinda kwa mkasi, na ncha za vidole zilijaa alama za sindano. Nikauchora ulivyo. Alinisimulia habari za mteja wake mmoja anayenenepa kila mwezi kisha anamlaumu fundi kwamba kaiba kitambaa. Nikacheka, na sauti ya kicheko changu ikanishtua, maana nilikuwa nimeisahau.

Mkono ulikamilika upesi. Nilipaswa kusema ahsante. Badala yake nikasema, "Bado kidogo," nikaendelea kupitisha penseli juu ya mistari ileile. Chai ikapoa.

"Bado?"

"Kidogo tu."

Akakunja shingo kuitazama penseli yangu.

"Jirani," alisema, "hiyo penseli yako imeisha ncha kitambo. Unachora nini?"

Nikaiweka penseli chini. "Sichori," nikasema. "Nilishamaliza. Sikutaka uondoke."

Aliweka kikombe mezani, akajisugua kifundo cha mkono, akasimama. Nikajua nimeharibu. Alikwenda mpaka mlangoni, nami sikuthubutu kuinua macho.

"Wewe mzee una vituko," akasema. "Si ungesema mapema, nikaja na kazi yangu? Umenikalisha mikono mitupu, na nina suruali ya watu chini haijapindwa."

Akashuka, mlango akauacha wazi. Nilibandika maji ya chai, nikakigeuza kioo kitazame ukuta, nikakaa nikisikiliza ngazi.