Nyumba ya Mfano

Gasana alikuwa na ugonjwa wa kupenda kila kitu kikae kwenye safu. Alizaliwa Ngara, akasomea ujenzi Dar es Salaam, akaingia Kigali mwishoni mwa mwaka tisini na nne na begi moja la nguo. Haukupita muda, ofisi ya ukarabati wa nyumba pale Kimihurura ikamkabidhi kompyuta yake pekee iliyokuwa inawaka. Ndani yake mlikuwa na programu ya kugawa kazi za ujenzi. Unaandika jina la nyumba, chini yake kazi kubwa, chini ya kazi kubwa unaandika kazi ndogondogo, na mbele ya kila moja jina la mhusika. Kazi ikiisha unabonyeza, mstari unageuka kijani. Sasa ofisi ile ilikuwa na watu wa kila upande, huyu Kifaransa, yule Kiingereza, na wote wakakutana kwenye Kiswahili. Gasana akaambiwa aandike kitabu cha kuwafundisha kuitumia, kwa Kiswahili. Weee, aliringa mwezi mzima.

Kitabu cha namna hiyo kinahitaji mfano. Mwingine angejibunia nyumba kichwani, akamaliza shughuli. Yeye akataka nyumba ya kweli. Akachagua moja kule Rebero, iliyoachwa tupu kama nyingi za wakati ule, paa limetoboka, milango imeng'olewa. Utaratibu wa ofisi ulijulikana: kabla hujagusa kitu, waulize majirani wenye nyumba ni akina nani, na kama yupo aliyebaki. Gasana aliujua vizuri sana. Lakini hiyo kazi ya kuuliza majirani haikuwa na siku ya kwisha, ilimharibia safu yake, basi akaifuta. Kazi ya kwanza ikawa "kuondoa takataka". Akaenda mwenyewe na Bizimana, msimamizi wa mafundi, akasimama uani na kalamu sikioni, akasema chomeni vyote. Jioni akarudi ofisini, akabonyeza, mstari ukawa kijani. Usiku ule alilala usingizi mzuri kabisa, na hilo ndilo lililokuja kumwuma kuliko yote.

Kitabu kilipokamilika ikabidi apatikane mtu asiyeijua programu, ili akijaribu. Akampa Pudentienne, mpiga chapa. Huyu alizaliwa na kukulia Kigali, na kwao alikuwa amebaki peke yake. Alilala Kabuga kwa shangazi yake, na ofisi nzima ilijua kwamba tangu mauaji ya Aprili hajathubutu kukanyaga nyumbani kwao. Alikuwa akisema kwamba akipata wa kumsindikiza ataenda, akachukue kitakachokuwa kimesalia, hata kama ni kijiko. Gasana alishamsikia akisema hivyo, akampa pole, akaendelea na mambo yake. Hakumwuliza kwao ni wapi.

Basi Pudentienne akakaa mbele ya kompyuta, kitabu mapajani, akafuata maelekezo mpaka akaifungua nyumba ya mfano. Gasana alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja sifa. Pudentienne alipofika penye maelezo ya nyumba, vidole vikasimama. Rebero, vyumba vitatu, tangi la maji lililopakwa rangi ya bluu, jiko la nje chini ya mparachichi. Akarudia kusoma, midomo ikicheza bila sauti. Gasana akadhani amekwama, akainama amwonyeshe pa kubonyeza.

"Shefu," Pudentienne akasema, kwa kile Kiswahili cha Kigali, "mbele ya kutoa takataka, hakuna kuuliza mwenyewe iko nani?"

Gasana akaanza kueleza kwamba ule ni mfano tu, kwamba hatua nyingine zimeachwa makusudi ili msomaji asichanganyikiwe. Maneno yalimtoka mazuri, yamenyooka. Akaendelea hivyo mpaka alipoona jinsi mwenzake alivyoishika meza, ndipo akaelewa.

"Hii nyumba iko ya kwetu. Na hapa iko kijani. Ni kusema imeisha?"

Gasana akaitikia kwa kichwa. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka moto. Alitaka kumtaja Bizimana, kwa kuwa jina la Bizimana ndilo lililoandikwa kwenye mstari ule; lilimfika mdomoni kabisa, na akajichukia kwa hilo pia. Akasema yeye mwenyewe alikuwepo, na yeye ndiye aliyeamuru vichomwe.

Pudentienne hakulia. Gasana angeshukuru kama angelia, maana angepata la kufanya, hata kumletea maji. Yeye akafunua kurasa za jinsi ya kugawa kazi, akazifuata hatua kwa hatua wala hakukosea, kwa sababu kitabu, tuseme ukweli, kilikuwa kimeandikwa vizuri. Chini ya "kuondoa takataka" akafungua mstari mpya, akaandika: kitanda cha mama. Akafungua mwingine, wa ndugu yake: viatu vya Cyusa. Kisha akageuka, akamtazama.

"Sasa uniambie wewe. Mimi sikukuwepo. Uliona nini?"

Gasana akatamani kusema amesahau, lakini alikumbuka kila kitu. Akaanza kutaja: godoro, madaftari ya shule, kikapu chenye mfuniko, rozari. Halafu picha, zilizokuwa kwenye kopo la biskuti. Alilifungua, akazitazama, akalifunga, akalirusha motoni. Pudentienne akamwuliza zilikuwa picha za nani. Akasema ya juu ilikuwa ya mwanamke aliyevaa mshanana mweupe, lile vazi la sherehe la kutupiwa begani, na watoto wawili mbele yake, mdogo amefumba macho.

Pudentienne aliandika vyote. Mwishoni programu ikagoma kuendelea, maana kila mstari ulidai jina la mhusika. Akasogeza kiti pembeni, akangoja. Gasana akainama, akaandika jina lake mbele ya kitanda, akashuka, akaliandika mbele ya viatu, akaendelea hivyo mpaka kwenye picha.

"Hapo bado," Pudentienne akamzuia. "Picha haiko kitu moja."

Akaivuta kibodi kwake, akafungua mistari chini ya neno lile, akaandika jina la mama yake, la Cyusa, na la yule mdogo aliyefumba macho. Kisha akamrudishia Gasana kibodi, nafasi ya mhusika ikiwa tupu mbele ya kila jina.