Mkono Wangu wa Kufagia

Kabla ya ugonjwa, sauti yangu haikuwa ikifika ng'ambo ya barabara. Magari yaliimeza, na mimi sikujali. Ni mtu wa kuongea chini chini.

Kazi yangu ni kufagia barabara. Mji ulipofungwa, wafagiaji tuliambiwa tulale stoo ya vifaa tusije tukapeleka ugonjwa nyumbani. Shangazi aliyenilea akabaki peke yake ghorofani. Ana pumu, na daktari alimkataza kabisa kutoka. Simu yake ilikuwa mbovu, na fundi alishafunga kibanda.

Basi tukawa tunasalimiana kwa ufagio. Mimi hufagia mikato miwili mifupi, kisha mmoja mrefu. Kila asubuhi, njiwa wakitembea katikati ya lami kama wenye mji, nilifagia chini ya dirisha lake, naye akagonga sufuria kwa kijiko mara moja tu. Nikajua amelala salama, naye akajua mimi mzima.

Siku moja msimamizi alinihamishia barabara ya soko. Mtaa wetu akapewa mfagiaji mwenzangu tuliyemwita Mrefu, ambaye hufagia kama anafukuza kuku. Nilitaka kusema neno, nikalimeza. Nilikuwa nimeinama kuzoa majani ndipo moyo ukanilipuka: Shangazi atasikia mkono wa mtu mwingine. Atadhani nimeugua. Atatoka kunitafuta.

Nikaacha toroli nikakimbia. Kutoka kwenye kona nilimwona mbali, ameshafika barabarani, mkono kifuani. Mrefu alikuwa akirudi kinyumenyume asimkaribie, na kwa ule ukimya wa mji maneno yao yalinifikia.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo, mama. Rudi ndani."

"Yupo wapi, hospitali? Na wewe unaichapa hiyo barabara, imekukosea nini?"

Akampita, akashika njia ya hospitali.

"Shangazi!"

Sauti yangu ilipita maduka yote yaliyofungwa. Madirisha yakafunguka, vichwa vikachungulia. Nilitamani lami inifunike, lakini nikaendelea.

"Mimi mzima. Nimehamishwa tu. Rudi ndani, Shangazi."

Alisimama akanitazama.

"Kumbe una koo," alisema, akageuka taratibu kupanda ngazi.

Mrefu akaniachia mtaa. "Toroli yako naifuata mimi. Na msimamizi nitamwambia. Huyu mama siwezi kukutana naye tena."

Nikafagia. Mikato miwili mifupi, mmoja mrefu. Kimya. Nikarudia, macho dirishani. Ngazi ni nyingi, na kifua chake nakijua.

Kisha kijiko kikalia. Hakikulia mara moja tu kama siku zote. Kiligonga sufuria mfululizo, kwa hasira, nikajua nagombezwa.

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kufagia.